Kila baiskeli ikipita

Ilikuwa Disemba 2011, msimu wa korosho unaishia. Mdogo wangu alirudi kutoka sokoni na sidii yenye filamu kama kumi hivi, karibu zote za ngumi, na katikati yake moja ya mbwa. Nyumba yetu ya Magomeni, Mtwara, ilinuka moshi wa korosho alizozichoma shangazi uani tangu asubuhi. Alikuwa amekaa mkekani, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, akiendelea kubangua.

Mbwa alipotokea kwenye luninga akasema, "Wifi, mbwa tena? Si waweke kitu cha maana." Mama hakujibu.

Filamu ni ile ya Hachi, ya mwaka 2009, aliyoigiza Richard Gere. Mdogo wangu alikuwa kidato cha tatu, ndiye mkalimani wetu. Mwalimu wa chuo huko Marekani anaokota kitoto cha mbwa stesheni. Kikakua. Kila asubuhi kinamsindikiza kupanda treni, kila jioni kinamngoja. Siku moja mwalimu anaanguka darasani na kufa. Jioni ile mbwa yupo stesheni. Kesho yake yupo. Mdogo wangu akaacha kutafsiri, kwani hapakuwa na cha kutafsiri.

Sisi tulikuwa na Askari. Alikuwa mbwa wa baba, wa kufukuza ngedere shambani upande wa Naliendele. Kwetu mbwa havuki kizingiti. Alilala chini ya mwembe na kulia kwenye kigae cha chungu. Mnyororo wa baiskeli ya baba ulikuwa umelegea, ukigonga madigadi, ta-ta-ta, na siku ambazo Askari alibaki nyumbani aliusikia mlio ule kabla yetu sote. Aliinuka, akatoka mbio hadi kwenye kona ya barabara, akarudi ubavuni mwa gurudumu, ulimi nje.

Baba alifariki mwaka 2006. Askari akahamia pale konani. Mama alipotoka eda, hakumaliza hata mwezi, akampa mbwa mtu mmoja wa Tandahimba aliyekuwa na shamba kubwa. Alifungwa kamba, akapandishwa nyuma ya pikapu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sikumwambia mama neno, lakini nilimwekea kinyongo, na kinyongo kile nilikuwa nacho hata usiku ule wa filamu.

Ikafika pale mjane wa mwalimu anarudi baada ya miaka mingi, anashuka stesheni, anamkuta mbwa kazeeka, manyoya yamechakaa, bado anangoja. Anapiga magoti mbele yake.

Mama akajifunika uso kwa upande wa kanga. Nilidhani anafuta jasho. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na sauti ikamtoka ambayo hata msibani kwa baba sikuisikia.

"Nilikuwa siwezi kumtazama," alisema. "Kila baiskeli ikipita anainuka. Na mimi nipo ndani, moyo unainuka naye. Kila baiskeli, wifi. Ningeishije?"

Shangazi akasukuma pembeni sinia la korosho. Akamshika mama goti kwa mkono ule ule mweusi wa mafuta, kanga ikaingia doa, na hakuna aliyejali.

Mwishoni maandishi yakasema kisa ni cha kweli, cha Japani. Miaka baadaye nilikisoma: Profesa Ueno alikufa Mei 1925, na Hachikō akamngoja stesheni ya Shibuya, Tokyo, hadi alipokufa mwenyewe Machi 1935. Sanamu yake ilisimamishwa pale mwaka 1934, yeye yu hai. Nilipomsimulia mama hilo la sanamu alinyamaza kitambo, akasema, "Alau walimwona."

Lakini usiku ule, filamu ilipokwisha, mdogo wangu alinyanyuka kwenda kuzima deki. Mama akamzuia.

"Usizime, mwanangu. Rudisha pale mwanzo, mwenyewe anaposhuka kwenye treni."

Akarudisha. Mlango wa stesheni ukafunguka, mwalimu akatoka na mkoba wake, mbwa akamrukia kifuani.

"Tena," mama akasema.