Hatimaye mapanga hayagongani: Huey ya Kaman, skeli 1/48

Imezunguka! Rota mbili, mapanga manne, zinapishana juu ya paa la helikopta yangu ya modeli bila kugusana hata kidogo, na naweza kuiacha mota ikiwaka mpaka betri ichoke. Aliyewahi kujaribu rota pishani, yaani rota mbili zilizokaribiana ambazo mapanga ya moja hupita katikati ya mapanga ya nyingine, zinazozunguka kweli, si za kubandika na gundi zikakaa kimya kabatini, anajua nimetoka wapi. Mradi huu ulikuwa umelala juu ya kabati muda mrefu kwa sababu ya kisanduku cha gia kisichozidi ukubwa wa kiberiti.

Wazo lenyewe kwa kifupi. Mwaka 1955 jeshi la nchi kavu la Marekani lilikuwa likitafuta helikopta ya tabaini ya kubebea majeruhi na mizigo. Kampuni 20 zilipeleka michoro, Kaman wakiwemo na H-43 Huskie yao ya rota pishani, iliyopangiwa tabaini. Tarehe 23 Februari wakatangazwa Bell, na mchoro wao ndio uliozaa Huey. Mimi nimegeuza tangazo hilo moja tu: wameshinda Kaman. Mengine yote yafuate mkondo wake. Ndiyo maana napenda hadithi hii kuliko zile za kubandika mabawa ya ajabu kwenye ndege yoyote iliyo karibu: hapa historia yenyewe inakupa nusu ya kazi. HH-43B, toleo la tabaini la H-43 lililoruka mara ya kwanza mwaka 1958, ilitumia T53, injini ile ile ya Huey, tena imekaa juu ya kabini vilevile. Kwa hiyo nilichukua boksi la vipande vya plastiki vya UH-1D, mojawapo ya Huey, nikakata mkia, nikaacha pua, kabini na kifuniko cha injini. Kwa vipimo nako bahati imeniangukia: rota ya HH-43B ina kipenyo cha mita 14.33, ambayo kwa 1/48 ni karibu milimita 299. Boksi la Huey lenyewe lina rota inayokaribia urefu huo.

Sasa twende kwenye kisanduku.

Milingoti, yaani fimbo zinazobeba rota, nimeilaza nyuzi 12 kila mmoja kuelekea nje, na kati ya vitovu nimeacha milimita 26. Kinachotakiwa ni milingoti miwili izunguke kinyume, kasi moja, na rota ziwe zimepishana robo mzunguko: panga la kushoto likielekea ubavuni, la kulia liwe linaelekea mbele na nyuma. Robo hiyo isipotee kamwe. Mhandisi Flettner alilimudu hilo Ujerumani kwenye Kolibri, helikopta yake ya rota pishani, mwaka 1941, kwa chuma, na watu ndani.

Njia yangu ya mwanzo ilikuwa shafti ya kulala yenye gia za pembe kila ncha, zile zinazotoka kwenye magari ya watoto. Gia hizo zimetengenezwa kukutana kwa nyuzi 90. Mlingoti ulioinama nyuzi 12 unazipa 78, na meno yanakwama. Dawa inayojulikana ni kuikata shafti katikati na kuiunga kwa mpira laini ili kila nusu ikae nyuzi 90 na mlingoti wake. Nikaiunga kwa mpira wa valvu ya baiskeli. Ukizungusha kwa kidole, safi kabisa. Ukiwasha mota, pa! Panga limepiga kitovu cha mwenzake, ncha imevunjika. Nikabadilisha mpira, nikaweka mgumu zaidi, nikaufupisha, nikaufunga waya. Pa. Nilikasirika mpaka nikaifunika meza na kanga ili nisiione.

Hasira ilinisaidia kwa jambo moja: nilikaa chini na karatasi badala ya kuendelea kununua mipira. Wengi tunadhani gia zikicheza kidogo mapanga yatagongana. Hesabu inakataa. Kwa mapanga mawili kila upande na robo mzunguko kati yake, mahali yanapokaribiana zaidi ni pale yote mawili yanapokuwa sambamba, yamekaa nyuzi 45 na mwili wa ndege. Hapo, kwenye mstari wa katikati ya ndege, yanavuka yakiwa yametengana kwa umbali ule ule wa vitovu, milimita 26. Toa upana wa mapanga yangu ya milimita 8 yaliyolala mshazari, bado zinabaki zaidi ya 14. Gia icheze nyuzi mbili tatu, haifiki popote. Kwa hiyo mchezo wa gia hauna hatia. Mwenye hatia ni mpira: mota ikianza ghafla, rota iliyoungwa moja kwa moja inaondoka, ya pili inabaki nyuma kwa uzito wake, mpira unajisokota, na robo mzunguko imeyeyuka kabla jicho halijaona. Kisha mpira unajisokotoa na kurusha panga upande wa pili.

Nikatupa shafti, gia za pembe na mpira wote.

Kilichobaki ni kitu rahisi mno kiasi kwamba nashangaa hatukifanyi sote: gia mbili bapa zilizo sawa, zinazoshikana zenyewe kwa zenyewe chini ya milingoti. Gia mbili zikishikana zinazunguka kinyume bila kuambiwa, na kasi ni moja kwa sababu meno ni sawa. Tatizo ni mwinamo tu: milingoti inaachana kadiri inavyopanda, kwa hiyo gia zinabanana chini na kulegea juu. Nikachukua gia nyembamba za unene wa milimita 2 na kupunguza ncha za meno upande wa chini tu, mshazari, karibu milimita 0.4, kila jino kwa tupa ndogo ya pembetatu. Jino, geuza, jino, geuza. Ukitazama kwa lenzi unaona kila jino limekuwa na mgongo mpana juu na mwembamba chini, na zinapokutana zinajaa kama zilizozaliwa pamoja. Mota ya njano ya roboti inasukuma mlingoti wa kushoto tu. Wa kulia unafuata bila hiari.

Hapa niseme neno kuhusu vifaa, maana naona vijana wanashawishiwa kununua mashine ya kusagia ya umeme kwa kila kazi. Kwa meno ya gia ya plastiki, mashine ile ni adui. Inayeyusha, haikati, na jino likiyeyuka limekwisha. Tupa za sindano na subira zinatosha. Na gia isifungwe kwenye mlingoti kwa supa gluu. Supa gluu inashika vizuri mpaka siku mota ikwame kidogo, kisha inaachia kimyakimya na robo mzunguko wako unahama bila wewe kujua. Milingoti yangu ni spoku za baiskeli. Nimetoboa kitovu cha gia pamoja na spoku na kupitisha kipande cha pini ya nguo. Hakitoki.

Baada ya hapo kikabaki kitovu. Panga la kushoto likielekea ndani linapanda, na linapofika juu ya kitovu cha kulia limeinuka milimita 26 mara tanjenti ya nyuzi 12, yaani kama milimita 5 na nusu. Nati niliyokuwa nimeiweka kitovuni kwa kupenda sura yake ilikula karibu nafasi hiyo yote. Imeondoka. Kitovu kipya kimetokana na kifungo cha shati kilichopunguzwa kwa msasa, na sasa nafasi iliyobaki inapitisha kadi ya simu bila kusugua.

Mapanga yenyewe ndiyo ninayojivunia zaidi. Yale ya boksi yalikuwa plastiki iliyolegea, yananing'inia. Huskie za kweli ziliruka na mapanga ya mbao, kwa hiyo nami nikaenda kwenye mbao: vile vijiti vya daktari vya kubonyezea ulimi. Urefu wake ni milimita 150, na nusu ya rota yangu ni 149. Unapasua kwa urefu, unasugua ukingo wa nyuma uwe mwembamba, unapaka vanishi, unasugua tena. Mshipa wa mbao unapita moja kwa moja kutoka kitovuni hadi nchani na panga linakaa limenyooka. Karibu na ncha nimebandika kile kibawa kidogo ambacho Kaman walikitumia kulisokota panga lenyewe badala ya kuligeuza kutoka kitovuni. Bila kibawa hicho si Kaman, ni helikopta tu.

Mwinamo huo umenilazimisha pia kubadilisha milango. Ncha za mapanga upande wa nje zinashuka milimita 31 chini ya kitovu, ambayo kwa ndege ya kweli ni karibu mita moja na nusu. Askari anayeruka kutoka mlango wa ubavuni wa Huey angekimbilia moja kwa moja kwenye panga. Kwa hiyo milango ya ubavu nimeiziba kwa puti, na nimefungua nyuma, katikati ya mikia miwili iliyochukua nafasi ya ule niliokata, kama HH-43B ilivyofanya. Kuna watakaosema nimeharibu sura ya Huey. Sura isiyoweza kupakia watu salama siitaki, hata kwenye plastiki.

Ratiba yangu ilisema sasa ni viti, dashibodi na rangi ya kijani. Sitafanya hivyo kwanza. Tangu kisanduku kianze kuzunguka nimekuwa nikifikiria Kellett XR-8, helikopta ya Marekani ya rota pishani ya mwaka 1944, iliyokuwa na mapanga matatu kila upande na ikasumbuliwa na mapanga kugusana. Kwa matatu, kupishana kunakuwa nyuzi 60 badala ya 90, na umbali wa kuvukana unashuka hadi asilimia 58 ya umbali wa vitovu. Kwangu ni milimita 15, ukitoa upana wa mapanga zinabaki karibu 6. Sita! Na gia zangu hazichezi hata robo ya hizo.

Nimeshachora kitovu cha pande tatu na kupasua vijiti vipya. Gia zile zile zinatosha, kinachobadilika ni kitovu na pini. Mtu akiwa na picha za XR-8 zinazoonyesha vitovu kwa karibu, nitashukuru sana, hasa zilizopigwa kutoka juu.