Asumini za Mama na chupa sita za jemu

Harusi ya mdogo wangu ilikuwa imebaki mwezi na siku chache Mama aliponitolea chupa sita za jemu kutoka kabatini. Alitaka kila meza iwe na chupa iliyobandikwa maua ya uani kwetu, hapa Tanga. Ya plastiki hataki hata kuyaona. Na katika maua yote akachagua asumini, maana ndizo tunazotungia vikuba, vile vishada vya kunukia wanavyovaa wanawake.

Nilizichuma alfajiri zikiwa na umande, nikazipanga ndani ya kamusi, nikaweka matofali mawili juu. Baada ya siku tano nikafungua: zimekuwa kahawia kama majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, na ukungu umeanza. Mara ya pili nikachuma saa nne, umande umekauka, nikazilaza kwenye gazeti na kulibadilisha kila siku. Ukungu haukuja, ila weupe ulikwenda vilevile. Asumini ikibanwa huchubuka, inageuka rangi kama ndizi iliyoanguka. Haibiskasi ndiyo iliniaibisha zaidi. Ni ukoo mmoja na bamia, na utelezi wake ni uleule. Iling'ang'ania gazeti nikabandua vipande vyenye habari za michezo.

Kilichoniokoa ni bogenvilia ya ukutani, ambayo kila siku naifagia kwa kunung'unika. Kile cha rangi tunachokiita ua ni majani tu. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe katikati. Nikang'oa vijineli, nikabana majani peke yake. Ni makavu tangu mtini, kwa hiyo siku nne zilitosha, na wekundu wake wa zambarau ukabaki. Kando ya tangi la maji nikapata kangaga, zile zenye majani kama unyoya. Hizo nilizipiga pasi, moto mdogo, bila mvuke, katikati ya karatasi mbili, sekunde kumi kisha napumzisha.

Kubandika ndiko kulikonifunza subira. Chupa niliiloweka lebo itoke, gundi iliyobaki nikaisugua kwa mafuta ya kula, nikaosha kwa sabuni, mwisho nikapangusa kwa spiriti. Ukishapangusa kioo, usikiguse tena kwa vidole pale utakapobandika, mafuta ya ngozi huzuia gundi kushika. Nilitumia gundi nyeupe ya maseremala, vijiko viwili kwa kimoja cha maji. Paka kwenye kioo, si kwenye ua. Jani ulishike kwa kibano cha nyusi, ulilaze, halafu ulisukume kwa kidole kilicholowa kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Kangaga zilikuwa zikijiinua kwenye mviringo wa chupa, kwa sababu ya ule uti wa katikati. Nikaukwangua upande wa nyuma kwa wembe na zikatulia. Juu yake nikapaka gundi tena mara mbili, kila tabaka nikiliacha lilale usiku kucha, maana hewa ya pwani haina haraka ya kukausha kitu. Gundi ikipakwa ni nyeupe kama maziwa, ikikauka huioni. Kisha vanishi, ya kuikinga na maji yasiirudishe weupe.

Nilijaribu pia glasi ya juisi. Ilioshwa mara moja tu, bogenvilia ikateremka kwenye sinki. Na hata isingeteremka, gundi na vanishi si vitu vya kukaa karibu na midomo ya watu. Mishumaa nayo niliikataa, majani makavu na moto havikai pamoja. Ndani nikatia taa ndogo za betri katika chupa tano.

Ya sita vanishi iliniishia kabla sijaipaka. Nikainyamazia, nani angejua? Siku ya harusi Mama akaichagua hiyohiyo kwa meza yake, akaitoa taa, akaijaza maji na kuchomeka asumini mbichi alizochuma mwenyewe. Maji yakamwagika ubavuni.

"Mwanangu, mbona chupa yako inatoa maziwa?"

Nikamshika mkono asiipanguse kwa ncha ya kanga. Biriani ilipofika mezani kioo kilikuwa kimerudi kung'aa, isipokuwa jani moja lililopinda juu kidogo, na yeye ameshalificha kwa asumini.