Rod McKuen, malenga wa rafu za chini

Ukiishi huku Oakland, California, na ukawa na ugonjwa kama wangu wa kuchakura vitabu vya mitumba, jina la Rod McKuen litakuchosha. Vitabu vyake vya mashairi vimejaa rafu za chini, dola moja au mbili, na santuri zake zimerundikwa pembeni. Vijana wa hapa wanaulizana ni nani huyo. Huko nyumbani nako hatumjui, ingawa maneno yake tumeyaimba sana. Wimbo wa Seasons in the Sun, ule wa kundi la Westlife wa 1999, Kiingereza chake kilianzia kwake.

Wenyewe hasa ni wa Mbelgiji Jacques Brel, aliyeuimba kwa Kifaransa mwaka 1961: mtu yuko kufani, anaaga, na hamsazi hata hawara wa mkewe. McKuen alikuwa akiishi Ufaransa, wakashibana, akautia maneno ya Kiingereza. Yeye alimbakiza mke aliyetoka nje ya ndoa, ila akamsamehe. Mkanada Terry Jacks ndiye aliyemfuta kabisa, na mwaka 1974 wimbo ukashika namba moja Marekani. Basi tukaurithi umeshang'olewa meno.

McKuen alizaliwa hapa hapa Oakland mwaka 1933, katika hosteli ya Salvation Army (Jeshi la Wokovu), bila kumjua baba. Baba wa kambo alikuwa mtu wa kipigo, na mtoto akatoroka akiwa na miaka 11. Akachunga ng'ombe, akakata magogo, akatangaza redioni. Kitabu cha Stanyan Street & Other Sorrows alikichapisha mwenyewe na kukiuza mwenyewe, kabla wachapishaji wakubwa Random House hawajamfuata. Mwaka 1968 akatoa santuri ya Lonesome Cities, iliyompa tuzo ya Grammy ya usomaji, na 1969 mwimbaji Frank Sinatra akarekodi albamu nzima ya tungo zake.

Wahakiki walimchukia. Walisema huyu si mshairi, ni muuza huzuni rahisi. Nami nimesoma vya kutosha kukubali kwamba mara nyingi sukari imezidi chai. Lakini lile shtaka lao jingine, kwamba mashairi yake hayasimami bila sauti na ala, linanishangaza. Kwa sisi tuliokua tukisikia tenzi zikighaniwa na taarabu ikipigwa harusini, hiyo ni kasoro gani? Siti binti Saad angeshitakiwa kwa lipi?

Kazi yake ninayoiheshimu zaidi si shairi wala wimbo. Ni Finding My Father ya 1976, anaposimulia alivyomsaka yule baba asiyemjua. Miaka ya 80 akaacha majukwaa, akaugua sonona, na Januari 2015 akafariki akiwa na miaka 81.

Ukitaka kumjaribu, vitabu viache kwanza. Tafuta Lonesome Cities umsikie akisoma mwenyewe, kwa sauti ile ya mkwaruzo aliyoiharibu kwa kuimba kupita kiasi ujanani.