Mshale Uligoma Kwenye Robo: Siku Yangu Moja na Toyota IST

Saa 10:40 alfajiri, Tabata. Nilipowasha gari mshale wa mafuta ulikuwa robo, ila mimi na huo mshale tuliacha kuaminiana tangu mwezi jana. Tangu pampu ya mafuta ibadilishwe, unashuka vizuri mpaka robo, halafu unaganda hapo hata tangi likikauka, na taa ya njano haiwaki. Dawa yangu ni kuhesabu kilomita. Nikijaza tangi narudisha tripu, kile kihesabu kilomita cha kwenye dashibodi, sifuri; kwa foleni za Dar gari linanipa kama kilomita 12 kwa lita, hivyo tripu ikifika 400 naingia sheli. Leo ilisoma 270. Na jana sikuongeza kwa makusudi: leo ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wasimamizi wa bei ya mafuta, wanatangaza bei kikomo, nami nilibeti inashuka.

Saa 11:15, Sinza. Abiria wa kwanza kwenye apu ya teksi: mama mtu mzima, mabegi mawili, anawahi basi Kituo cha Magufuli, Mbezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tutawahi?"

"Mapema tu, mama."

Tulipopita Kimara Stop Over, gari likakohoa mara mbili likazima. Napiga stata, injini inazunguka haishiki. Mshale: robo! Mama hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma. Nikasimamisha bodaboda mbili, moja yake na moja ya mabegi, nikalipa mimi. Baadaye apu ilinionyesha nyota moja. Halali yangu.

Sheli ya karibu, kijana wa pampu akakataa kutia petroli kwenye kidumu cha plastiki, na hakukosea. Aliyeniokoa ni bodaboda aliyenipeleka: akavuta lita mbili kwa mpira kutoka tangi lake, kwa bei ambayo EWURA wasingeipitisha. Nikafungua na kufunga swichi mara tatu ili pampu ivute kwanza, ya nne injini ikashika.

Saa 1, nikampigia deiwaka anayenishikia gari Jumapili.

"Jumapili ulijaza tangi?"

"Hapana kaka, nilitia ya elfu 20 jioni. Ila tripu nilikurudishia sifuri, kama unavyopenda."

Kumbe alipeleka watu wa harusi Bagamoyo na kurudi, kisha akazunguka nao mjini mpaka giza. Nikakosa la kumjibu. Nikatia ya elfu 30 tu, maana fundi hapendi kufungua tangi lililojaa. Bei, kwa taarifa yenu, ilikuwa imepanda.

Saa 3, gereji, Ilala. Fundi wa mwanzo alishaniambia ninunue dashibodi nzima, na nilikuwa nimejipanga kwenda maduka ya spea ya Gerezani kutafuta ya mtumba. Huyu mzee wa umeme hakuitazama hata dashibodi. Aliinua siti ya nyuma, akafungua mfuniko, akachomoa soketi ya tangi, akaniambia nifungue swichi. Mshale ukalala chini kabisa. Akagusisha waya wa geji kwenye bodi ya gari, mshale ukapanda taratibu mpaka juu.

"Geji nzima, waya mzima. Ugonjwa uko ndani ya tangi."

Akachomoa betri, akamfukuza kijana mwenye sigara mpaka ng'ambo ya barabara, ndipo akatoa pampu. Ubavuni mwa pampu kuna boya kwenye mkono wa waya mwembamba: mafuta yakishuka nalo linashuka, na mshale unalifuata. Mkono ulikuwa umepinda, boya linagota kwenye chujio kabla halijafika chini. Aliyeweka pampu mpya aliisokomeza tu. Mzee akaunyoosha kwa koleo, akasafisha pale unapogusa, akawa analiinua na kulishusha boya huku anasoma mita yake ya kupimia umeme. Hakuna kilichonunuliwa. Elfu 25 ya ufundi, pamoja na maneno: "Pampu hii inapozwa na petroli hiyohiyo. Ukiikausha unaichoma. Leo asubuhi umeila umri wake."

Mchana safari za kawaida, Kariakoo, Posta, Kariakoo tena. Bosi, mwenye gari, akauliza hesabu yake ya siku. Nikamsimulia boya, chujio, mama wa Mbezi, vyote. Akajibu: "Pole. Hesabu lini?"

Saa 2:15 usiku, foleni ya Buguruni, taa ya njano ikawaka. Dada aliyekaa nyuma akaiona kabla yangu.

"Kaka, si mafuta yanaisha hayo?"

"Ndiyo dada, yanaisha kweli!" Nikacheka peke yangu. Akashika mpini wa mlango.