Kwilti ya Minnesota, pindo la khanga ya Mtwara

Kwilti, yaani mfarishi wa viraka, huanza kuchakaa pembeni. Katikati inaweza kukaa miaka na viraka vyake visipatwe na kitu zaidi ya kufifia kwa kufuliwa, lakini ukingo ndio mtu anaoushika akijivutia usiku, ndio unaosuguana na mbao za kitanda, ndio unaoburuzwa sakafuni. Akina mama walionifundisha kazi hii huku Minnesota, Marekani, ukiwapa kwilti hawaangalii rangi kwanza. Wanaugeuza mgongoni, wanapitisha kidole gumba kwenye kona, kisha ndiyo wanakusifia au wananyamaza.

Nilijifunzia kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, mimi mtoto wa Kiislamu wa Mikindani, Mtwara, na hilo halikumsumbua mtu. Kilichonipeleka ni baridi na upweke, tusidanganyane. Wazee wale hushona mifarishi ya kutuma kwa wakimbizi na waliopatwa na majanga kupitia shirika la misaada la Lutheran World Relief, kipimo inchi 60 kwa 80, na mradi una mikono miwili hukosi kazi. Matabaka ni matatu: juu viraka, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Yote yanashikanishwa kwa mishono inayopita toka juu hadi chini, halafu kingo nne zinabaki wazi, pamba inachungulia. Kuzifunga hizo kingo ndiyo habari ninayotaka kuwapa, maana kwilti yangu moja nilienda kuimalizia nyumbani Mtwara na nilikuta mabishano ambayo sikuyapata kanisani.

Kwilti yenyewe ni ya bibi yangu. Najua mtacheka: kwilti Mtwara, na joto lile? Bibi anakaa Newala. Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, pale ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma liko chini kabisa. Mwezi wa sita na wa saba, kusi likivuma, wazee wa kule wanalala na masweta. Pamba niliyoweka katikati ni ile nyembamba. Nikaibeba ikiwa wazi pembeni, ikala nusu ya begi la kilo 23, kwa sababu nilitaka ukingo utoke kwenye khanga iliyonunuliwa kwetu, tena aichague mama mkubwa.

Mama mkubwa hanunui khanga kwa rangi. Anasoma jina kwanza, na dukani Mtwara mjini alisoma karibu rafu nzima. "Hii mpelekee mke mwenzio, siyo mama yangu," akamrudishia muuzaji moja nzuri sana ya kijani. Mwisho tukatoka na doti nyekundu yenye pindo jeusi, jina lake Wema hauozi. Tulipofika Mikindani nikaiweka kwenye maji, kwa sababu khanga mpya ina wanga na nyekundu inatoa rangi. Ukiishona kabla ya kuifua, siku kwilti itakapofuliwa wekundu utahamia kwenye viraka vyeupe. Tukafua mpaka maji yakabaki safi. Hapo mama mkubwa alikuwa na furaha. Furaha iliisha nilipotoa mkasi. "Khanga mpya, doti nzima, unaikata?" Aliingia ndani asione.

Hesabu ilikuwa hivi. Kuzunguka kwilti ya 60 kwa 80 ni inchi 280, unaongeza kama 12 za kona na za kuungia, zinakuwa 292. Tepe zinakatwa upana wa inchi mbili na nusu. Khanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi, yaani inchi 59, na kila moja ina pindo refu mara mbili, kwa hiyo doti inatoa tepe ndefu nne: inchi 236. Hazitoshi. Nikaongeza tatu kutoka mapindo ya pande fupi, na bado kila kiungo kinakula inchi mbili na nusu, kwa kuwa tepe huungwa hanamu, yaani kwa mshazari. Unazilaza mbili zikatane kama msalaba, unashona kutoka pembe hadi pembe, unakata ziada, unafungua mshono kwa pasi. Ukiunga kwa kunyoosha, unene wote unarundikana sehemu moja na ukingo unaota kinundu. Kisha utepe mzima unaukunja katikati kwa urefu, upande mzuri nje, unaupiga pasi. Pasi ya mkaa ya mama mkubwa ilifanya kazi hii vizuri kuliko pasi yangu ya umeme ya Saint Paul, kule Minnesota. Uzito wake peke yake unatosha. Unachoogopa ni cheche.

Cherehani sikuwa nayo, ndipo nikampelekea fundi mmoja karibu na soko kuu la Mtwara, mzee ambaye aliwahi kunishonea sare ya shule. Ana cherehani ya kukanyaga, nyeusi, kwa hiyo umeme ukikatika yeye hana habari. Nilimwamkia, nikatandika kwilti kwenye meza yake, nikamwambia ninachotaka.

Akaishika, akaipima unene kwa vidole. "Sasa utepe wa nini, mwanangu? Kitambaa cha chini ungekiacha kikubwa, inchi moja kila upande, ukakikunjia juu, ukapinda. Umemaliza."

Njia hiyo ipo hata Marekani, na ni ya zamani. Kubana matumizi ya kitambaa nako kuna heshima yake kule: wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, walishona mifarishi yao kwa nguo kuukuu za kazi, na mwaka 2002 ikatundikwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, mwaka 2006 ikatokea kwenye stempu za posta. Lakini nikamweleza fundi kwamba njia yake ikichakaa pembeni, kilichochanika ni mgongo wa kwilti yenyewe. Utepe wa peke yake ukichakaa unaufumua, unaweka mwingine. Na huu umekunjwa, kwa hiyo kinachosuguliwa ni nguo mbili, siyo moja.

Alikubali nusu. Akauvuta utepe wangu kwa mikono miwili, akaona hauvutiki. "Hukukata hanamu."

Hapo ndipo tulipobishana hasa, na sidhani kama kuna aliyeshinda. Fundi amefunga shingo na makwapa ya magauni maisha yake yote, na kwenye mviringo bila utepe wa hanamu huendi popote, nguo inavutika na kufuata mzunguko. Kwilti ina pande zilizonyooka, haihitaji mvuto huo. Nilidhani nimemfunga mdomo. Akachukua kipande, akanionyesha mkunjo wake kwa karibu: utepe uliokatwa kwa kunyoosha, uzi uleule mmoja unakimbia juu ya mkunjo toka mwanzo hadi mwisho. Uzi huo ukikatika kwa msuguano, ufa unafuata njia. Ukikata hanamu nyuzi zinakatiza mkunjo, hakuna mmoja unaobeba mzigo wote. Wazee wa kanisani nao husema hivyohivyo, na baadhi yao hukata hanamu kila mara. Mimi sikuwa na la kujibu ila moja: pindo la khanga huwezi kulikata hanamu ukabaki na pindo. Utapata vipande vya maua na mistari iliyovunjika, na kitambaa kingi kinapotea.

"Na sasa pindo lote hilo utaonyesha kiasi gani?" akauliza.

Swali zuri, kwa bahati mbaya. Utepe wa inchi mbili na nusu ukikunjwa mara mbili na kushonwa, mbele unaonekana chini ya nusu inchi. Nilikuwa nimekata kwa kufuata ule mstari mweusi wa pindo ili angalau weusi utulie pembeni, na nyekundu inatokeza hapa na pale. Mtu asiyejua hatajua ni khanga. Bibi atajua.

Kwenye kushona fundi alikuwa mbele yangu kwa mbali. Kwilti ni nene, na meno ya cherehani yanavuta tabaka la chini huku mguu unasukuma la juu, kwa hiyo ukifika mwisho utepe umetangulia na ukingo umejikunyata. Marekani tunaweka mguu maalumu wenye meno yake, unaotembea pamoja na kitambaa. Fundi hana. Alilegeza skrubu ya juu inayokandamiza mguu, akaniambia nipige bandi, ile mishono mirefu ya muda, upande mzima kwa mkono kwanza, kisha akakanyaga polepole. Ukingo ukalala sawasawa.

Alichokuwa hakijui ni kona, na hapo nilikaa mimi kwenye kiti. Unaanza katikati ya upande, kamwe siyo kwenye kona, na unaacha mkia wa shibiri moja bila kushona. Kingo mbichi za utepe zinalingana na ukingo wa kwilti, mshono unakaa robo inchi kutoka nje. Ukikaribia kona unasimama robo inchi kabla ya mwisho, unarudi nyuma mishono miwili mitatu, unakata uzi. Unaigeuza kwilti. Utepe unaukunja kwenda juu, mbali na wewe, ulale hanamu kwenye kona; halafu unaurudisha chini juu ya wenyewe, mkunjo ulingane na ukingo wa juu. Unaanza tena kushona toka ukingoni kabisa. Ukiupeleka upande wa pili, kona inajikunja yenyewe, kali kama ya fremu ya picha.

"Kwa nini robo, siyo nusu?" Kwa sababu mshono wako ni wa robo. Ukipita hapo, umeushona mkunjo wenyewe na kona haiwezi kugeuka; ukisimama mapema sana, inapwaya. Alinitazama kona ya kwanza. Ya pili akanisogeza, akaikunja kwa ukucha wa dole gumba, hata pini hakutumia, na ikawa nzuri kuliko yangu. Za tatu na nne sikuombwa.

Kuunganisha mwanzo na mwisho ndiko wengi wanakokimbilia njia ya mkato, wanachomeka ncha moja ndani ya nyingine, na kinundu kinakaa pale maisha. Njia safi ni kuacha nafasi ya shibiri mbili hivi bila kushona, ukalaza ncha mbili zipishane kwa kiasi kilekile cha upana wa utepe, inchi mbili na nusu, wala siyo zaidi. Unazikata hapo. Unazifungua, unazilaza zikatane, upande mzuri kwa upande mzuri, unashona hanamu kama ulivyounga mwanzo. Ule mshono unakula inchi mbili na nusu zilezile, kwa hiyo utepe unarudi kuwa sawa na nafasi iliyobaki. Fundi alitaka kuona kabla sijakata ziada. Tukaulaza, ukakaa. Alimwita kijana wa meza ya pili aje aangalie, na nakiri nilijisikia.

Nyuma tulishona kwa mkono Mikindani, barazani, mimi na mama mkubwa ambaye kufikia hapo alishaisamehe khanga. Utepe unauvuta upande wa mgongo, ufunike mshono wa mashine, kisha sindano inapita ndani ya mkunjo, inachota kidogo tabaka la chini na pamba, inarudi. Mbele isitokee. Kwenye kona mkunjo wa nyuma unaulaza upande usio ule wa mbele, unene ugawanyike. Mama mkubwa ameunga shupatu za mikeka tangu msichana. Mishono yake ilikaa karibu karibu, yote sawa, na alipiga soga bila kuiangalia. Jina la khanga alilikata mwenyewe, siku ya pili, bila kuniuliza, akalishona mgongoni kwenye pembe ya chini. Wema hauozi.

Tukapanda gari la Newala kupitia Mnivata na Tandahimba. Bibi aliipokea, akaigeuza, akapitisha dole gumba kwenye kona. Sikumwambia kitu. Akauliza upande upi nimeshona mimi na upi ameshona mwanawe, nikamwonyesha, akasema alishajua. Jioni tulikula ming'oko na chai, naye kajifunika kwilti miguuni, anamweleza jirani kwamba imetoka Marekani. Mama mkubwa akadakia: "Pembeni imetoka Mikindani."

Nilipopita Mtwara kuaga, fundi alikuwa ameshatumia kiungo cha hanamu kwenye mapazia ya mteja. Akaufungua mguu wa cherehani yake kwa bisibisi, akaniwekea mkononi niupige picha kwa kila upande, nimtafutie ule unaotembea, na nisimletee usioingia. Nikamuuliza akifunga kwilti yangu nyingine atanitoza shilingi ngapi. Bei, akasema, ataitaja akishauona huo mguu.