Nilivyopima dawa ya wadudu kwenye maji kwa kadi ya rangi

Nina bwawa la samaki na mtaro unaolilisha maji unapita pembeni ya shamba linalopuliziwa dawa, sasa wiki moja samaki wakaanza kuelea juu juu wakihema, nikatafuta zile kadi za kupimia mabaki ya dawa nipime mwenyewe.

Kadi yenyewe ina viduara viwili, cheupe na chekundu. Cheupe kina kimeng'enya (kitu kinachoharakisha kemikali kuvunjika) kinaitwa kolinesterasi, unadondoshea maji yako pale, unasubiri dakika 10, halafu unaikunja kadi chekundu kikutane na cheupe unabana dakika 3. Kimeng'enya kikiwa kizima kinaivunja ile kemikali nyekundu na cheupe kinageuka bluu. Dawa za oganofosfeti na kabameti zinakiziba hicho kimeng'enya (hata mdudu zinamuua hivyo hivyo, mishipa yake ya fahamu inavurugika), kwahiyo bluu maana yake dawa haikuonekana, kikibaki cheupe ndio kuna shida. Yaani rangi isipotokea ndio jibu lenyewe, na hapo ndipo nilipokwama.

Siku ya kwanza nilipima mtaro sehemu tano, zote nyeupe pee. Nilishavaa viatu niende kuwaambia majirani wasichote maji, ila roho ikasita, nikachukua maji ya mvua niliyokinga mbali na shamba nikapima na yenyewe. Nyeupe! Kumbe kadi zilikuwa zimekaa dirishani zinapigwa na jua, kimeng'enya kilishakufa zamani, hata ungedondoshea maji gani isingegeuka.

Nikapata kadi nyingine nikaziweka kwenye friji. Asubuhi yenye baridi nikapima tena maji ya mvua, bluu ikaja hafifu sana mpaka huelewi ni bluu au ni kivuli. Fundi mmoja wa maabara akaniambia kimeng'enya kinafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 37, joto la mwili, kwahiyo nikawa naifunga kadi kwenye kimfuko cha plastiki naibana kwapani zile dakika zote. Aisee! Maji ya mvua yakatoa bluu iliyokolea kama wino, na maji ya mtaro, kadi ya boksi lile lile, muda ule ule, yakabaki meupe. Hapo sasa nikaamini, nikafunga njia ya maji ya bwawa siku hiyo hiyo na sampuli nikapeleka maabara, maana kadi haikutajii jina la dawa wala kiasi chake.

Tangu hapo kila nikipima lazima kadi moja iwe ya maji ninayoyaamini, na sio ya bomba, kwasababu klorini nayo inaharibu kimeng'enya na utaona nyeupe ukadhani ni dawa. Kingine fundi alichonifungua macho ni kwamba malathioni na klopirifosi, ambazo nazo ni oganofosfeti, zikiwa bado hazijabadilika zinakiziba kimeng'enya kidogo sana, kadi inaweza kuzipita hivi hivi, wao maabara wanazigeuza kwanza kwa maji ya bromini halafu wanaiondoa bromini iliyobaki kabla ya kupima, hilo mimi nyumbani sijaribu. Na dawa kama saiperimethrini, au glaifosati ya kuua magugu, kadi hii haizioni kabisa, kwahiyo bluu yako isikufanye uwaambie watu maji ni salama.

Macho nayo yanadanganya, bluu ya jana huwezi kuikumbuka. Nazilaza kadi mbili pamoja, ya mvua na ya mtaro, kwenye kivuli kimoja napiga picha zikiwa bado mbichi. Nikizipanga zile picha naona mtaro ulivyokuwa mweupe, baadae ukaanza kibluu cha mbali, mpaka siku zilipofanana kabisa na ya mvua ndio nikafungulia maji yaingie bwawani.