Poa ya Bibi

"Mama, chai haijapoa. Mbona baba akiulizwa mambo anajibu poa? Kwani alikuwa moto?"

Swali hilo niliwahi kuulizwa, na aliyeniuliza alishapita miaka sabini.

Ilikuwa Desemba 1996, nimetoka bwenini, nimeshuka Pangani na sanduku langu la bati. Bibi alikuwa jikoni, kikombe mkono huu, kikombe mkono huu, anaipoza chai kwa kuimimina toka juu. Shikamoo, marahaba. "Habari za masomo?"

"Poa, bibi."

Mkono ukasimama hewani. Uzi wa chai ukakatika, mvuke ukabaki ukipanda usoni kwake. "Zimepoa? Zilipatwa na nini?"

Binamu zangu walicheka. Bibi hakucheka. Aliweka vikombe chini, akajifuta vidole kwenye kanga, akaniwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso kama anayepima homa. Mkono ulikuwa na joto la kikombe. "Kilichopoa kilikuwa na moto, mjukuu wangu. Niambie huo moto."

Ripoti yangu ilikuwa chini ya sanduku, nimefeli hesabu, na bwenini nilikuwa silali kwa hofu ya wakubwa wangu. Nikasema, "Hakuna kitu, bibi." Akanitazama kidogo, akarudia chai yake.

Tangu hapo neno hili silipiti hivihivi. Homa ikishuka imepoa. Biashara ikidorora imepoa. Mtu akinyong'onyea tunamwambia leo umepoa sana. Vijana wakalichukua likawa zuri, jibu la mambo, na poa basi ya kumaliza maongezi. Kisha mtu akaliambatisha na dada, likawa la kuwadhalilisha wanawake, na hilo linaniuma. Wachewa wa Malawi kidonda kikifunga hutumia neno kupola. Sisi tumeidondosha l tu, kama tulivyofanya kwenye kuzala, ikawa kuzaa. Kwa hiyo bibi hakuwa nyuma ya wakati. Alisikia kidonda ndani ya neno, mimi nikasikia salamu.

Nadhani ningemwambia asingenigombeza. Sijui. Alifariki kabla sijamaliza shule.

Nilimwambia mwanangu akamuulize baba yake mwenyewe. Akaenda mbio. Nilisikia swali likirudiwa chumbani, neno kwa neno, kisha kimya kirefu, na kiti kikivutwa karibu.